Bendi Iliyorudi Pekupeku

Mmeniuliza nyote, kila mmoja kwa zamu yake: ilikuwaje bendi nzima ya skuli ikaondoka Mji Mkongwe na viatu vyeusi vinavyong'aa, ikarudi jioni pekupeku, suruali zimekunjwa mpaka magotini na Mwalimu Ussi kanuna? Majibu yenu nimeyasikia. Wengine mmesema viatu viliibiwa msikitini. Wengine mmesema tuliviuza tukanunua pweza. Rukia, ambaye alikuwepo na anaujua ukweli, ametia papa katika hadithi, na kila akisimulia papa anazidi kurefuka. Basi nimekaa niandike mwenyewe, ili mtu akiniuliza tena nimpe asome.

Kwa msiojua mambo ya bendi, sisi tuna makabila mawili. Wanaopuliza tunawaita Midomo, na tunaopiga tunaitwa Mikono. Midomo wanajiona mabwana wa shughuli. Siku ya onesho hawagusi pilipili wala ndimu, maana mdomo ukiwaka tarumbeta hailii. Sisi Mikono tunanunua urojo wenye ndimu na pilipili tele, tunaula mbele yao, taratibu, tukilamba vidole.

Mimi Mwanaidi ni Mkono, tena wa ngoma kubwa, ile inayobebwa kifuani. Ngoma hiyo ina masharti mawili tuliyoachiwa na wakubwa zetu. La kwanza, siku ya onesho haigusi ardhi mpaka kazi iishe, kwa sababu wanasema ikigusa, mdundo wake unabaki huko huko chini. La pili, miguu ya bendi nzima ni mali ya ngoma. Ukiwa kwenye safu huangalii pembeni wala hufikiri. Ngoma ikipiga mbili za haraka, unageuka kulia. Ikinyamaza, unasimama. Isipokwambia kitu unakwenda mbele, hata kama mbele kuna ukuta.

Skuli moja ya Bwejuu ilikuwa inafungua madarasa mapya ikatualika. Kwa wenzangu yalikuwa matembezi, kwangu ilikuwa hukumu. Bwejuu ndiko kwetu. Mjini nakaa kwa shangazi kwa ajili ya masomo. Mama yangu, Bi Mize, analima mwani, na alikuwa hajawahi kunisikia nikipiga. Majirani aliwaambia kuwa kwenye bendi kazi yangu ni kushika karatasi za nyimbo, maana aliona haya kusema mtoto wake wa kike anapiga ngoma barabarani. Likizo iliyopita tulivutana siku tatu, mimi nikilia na yeye akipepeta mchele. Mwisho akasema:

"Ntakusikiliza mara moja tu. Nisiporidhika, muhula ujao huna bendi. Na mje mapema. Maji yakitoka mie nnakwenda kwenye mwani wangu, simngoji mtu."

Tulitakiwa tufike saa tatu asubuhi. Maji yangetoka kiasi cha saa tano. Kutoka mjini mpaka Bwejuu ni mwendo wa saa moja na ushei kwa gari, kwa hiyo nililala usingizi mzuri kabisa.

Uchochoro wa kwa shangazi

Desturi yetu, usiku wa kuamkia safari ngoma hulala kwa mpigaji. Shangazi aliipa kitanda cha wageni, mimi nikalala mkekani. Asubuhi nikafunga mikanda, ngoma kifuani, nikatoka. Mnaijua njia yetu: watu wawili wakikutana, mmoja lazima ajibanze ukutani. Nikiwa na ngoma vya karibu sivioni, naona mbingu na vichwa vya milango tu. Nilikuwa nimefika katikati niliposikia honi.

Alikuwa muuza mikate juu ya vespa, kreti nyuma imejaa mikate ya ufuta.

"Rudi nyuma, binti."

"Siwezi. Sioni nyuma."

"Hata mbele huoni! Basi iweke chini, mie ntaibeba niipitishe juu."

"Haiwekwi chini."

"Kwa nini?"

"Leo ina onesho."

Akazima vespa. Akaniangalia, akaiangalia ngoma. "Kwani ina udhu?"

Nyuma yake ikasimama vespa nyingine, nyuma yangu akasimama mzee mwenye kikapu, na kila mmoja akawa na rai yake kwa sauti kubwa. Mlango wa pembeni ukafunguka, akatokeza bibi mmoja kajitanda kanga, akasema tuingie kwake na lingoma letu ili watu wapite waende wanakokwenda. Niliingia kinyumenyume. Ngoma ikakwama kwenye misumari ya shaba ya mlango. Muuza mikate akasukuma, mzee akasukuma, nikaingia mzimamzima na ngoma ikalia *dum!* Ndani mtoto mchanga akaamka kwa kilio.

"Haya," akasema yule bibi, "mjukuu wangu umemwamsha wewe, na kumlaza utamlaza wewe."

Nikampigia kwa ncha za vidole, polepole, mpaka akafumba macho. Chai nayo ikaletwa, na mkate wa ufuta aliochangia muuza mikate, ambaye sasa alikuwa amekaa kitako akisubiri kikombe chake. Nani angekataa chai katika nyumba aliyoivuruga vile? Nilipofika Forodhani, tulikoagana kukutana, bendi nzima ilikuwa imepangana juu ya ukuta wa bahari, na Mwalimu Ussi alikuwa anaitazama saa yake kwa uchungu.

Lori la matofali

Basi tuliloahidiwa liliamka bovu. Likaja lori, na dereva wake, Mzee Makame, mtu mpole mwenye kofia ya kiua iliyoshonwa vizuri sana.

"Jana limebeba matofali," alituambia, "lakini nimelifagia."

Alikuwa amelifagia kweli, ila vumbi lilikuwa limejibanza kwenye kona likitungojea. Sare zetu ni nyeupe, mnazijua. Kabla hatujafika Fuoni, kuanzia kiunoni kushuka tulikuwa rangi ya chai ya maziwa. Pandu, kiongozi wetu, yule anayetembea mbele na fimbo, alikataa kukaa. Alisimama wima njia nzima akishika chuma kwa vidole viwili ili glavu zisichafuke.

Tukiwa tunakaribia Tunguu, lori likasimama. Mzee Makame akashuka, akafungua boneti, akainamia injini muda mrefu. Akafunga, tukaondoka. Hatujakwenda mbali akasimama tena. Mara ya tatu Mwalimu Ussi akamfuata.

"Kuna nini, mzee wangu?"

"Gari inanguruma vibaya. Brrrrr, brrrrr. Nikisimama inanyamaza. Nikiondoka inaanza. Miaka yote sijapata kusikia mlio huu."

Mwalimu akageuka polepole akawatazama Midomo. Walikuwa kumi na wawili, wamejipanga upande mmoja, na wote walikuwa wanafanya kile wanachofanya kabla ya kila onesho: wanatetemesha midomo mitupu ili ipate moto. Lori likisimama, waliacha ili wasikie kuna nini. Likiondoka, waliendelea.

"Ni watoto, mzee wangu," akasema Mwalimu. "Wanapasha midomo."

Mzee Makame alipanda akawasha gari. Nadhani hakuamini, kwa sababu hata baada ya Midomo kukatazwa aliendelea kuinamisha sikio kwenye usukani.

Boko-boko ya watu

Baada ya hapo tairi likapasuka, na hilo halikuwa la Midomo. Tulikuwa kwenye kijiji kimoja mbele ya Tunguu. Mwalimu Ussi, ambaye hawezi kuona mtoto amekaa bure, akatwambia tushuke tupige wimbo mmoja wakati tairi linabadilishwa. Tukajipanga kando ya barabara tukaanza.

Hatujamaliza ubeti wa kwanza, kina mama wakatoka majumbani wakipiga vigelegele. Wamevaa sare ya kanga, wamejipaka hina, wengine vichwani wamebeba vyombo vipya, sufuria na masinia. Mbele alikuwa mama mmoja mrefu, Bi Kazija, mwenye shughuli.

"Mmechelewa nyinyi! Tunakungojeeni tangu alfajiri!"

"Shikamoo," akasema Rukia na tarumbeta yake.

"Marahaba. Mbona mmevaa kama manesi?"

Ikafahamika kuwa siku ile walikuwa wanapeleka vyombo kwa bibi harusi, na walikuwa wameagiza beni, yaani bendi ya harusi, iwasindikize. Mwalimu Ussi akajaribu kumweleza kuwa sisi siyo beni, ni bendi ya skuli, na tunakwenda Bwejuu. Bi Kazija alimsikiliza vizuri sana, kisha akasema, "Haya, kuleni kwanza, hayo mengine baadaye."

Masinia ya boko-boko ya ngano na nyama yakaja, yanafuka moshi, samli imetuama katikati. Ngoma yangu haiwekwi chini, kwa hiyo nilikaa nayo mapajani na sinia likawa upande wa pili nisikokuona. Rukia akanilisha kwa mkono, huku na yeye akikwepa pilipili iliyokuwa pembeni. Midomo wote waliikwepa. Mama mmoja akaona, akauliza chakula chao kina kasoro gani hata tunakichagua. Ikabidi Pandu, ambaye hapulizi kitu, ale pilipili ya watu kumi na wawili kwa heshima ya mwenye nyumba. Alikula akiwa amenyooka vile vile, machozi yanamtiririka, akisema kila baada ya tonge, "Tamu, mama."

Baada ya kula kwa watu wa namna hiyo huwezi kuondoka kimya. Tukajipanga tukawapigia wimbo mmoja, na kina mama wakaucheza mpaka vumbi likapanda. Tukiwa katikati, beni yenyewe ikatokea kwenye kona. Watu wazima, mashati mekundu, na mbele jamaa mnene mwenye ngoma kubwa kama yangu. Walipotuona hawakukasirika. Wakaingia katika wimbo wetu pale pale walipoukuta, na ikawa bendi mbili zinapiga moja, na nakwambieni kweli sijawahi kufurahi vile barabarani.

Halafu yule jamaa akapiga mbili za haraka, kuwageuza watu wake waingie njia ya kwa bibi harusi.

Nusu ya bendi yetu ikageuka kulia. Hawakuangalia nani kapiga. Macho mbele, magoti juu, wakaingia vichochoroni na harusi ya watu. Mwalimu Ussi akapuliza filimbi, lakini filimbi ni nini mbele ya ngoma mbili na vigelegele? Tulikwenda kuwatoa nyumbani kwa bibi harusi. Walikuwa wameshanyunyiziwa marashi, wapiga tromboni wamevishwa vikuba vya asumini, na mpiga matoazi amekabidhiwa sufuria.

"Kwa nini mlikwenda?" Mwalimu aliwauliza.

"Ngoma ilisema," wakajibu, nao walishangaa swali.

Tairi lilikuwa limeshafungwa zamani. Jua lilikuwa juu, na mimi nilianza kufikiria maji.

Paje, kwenye geti lisilo letu

Kufika Paje, Mzee Makame akakunja kushoto mapema mno tukajikuta mbele ya geti la hoteli. Mlinzi akaona sare, akaona matarumbeta, akafungua. "Kikundi cha burudani? Piteni nyuma, kwa jikoni." Lori likaingia kabla mtu hajasema lolote, na lilipoingia likakosa pa kugeukia. Kurudi kinyumenyume kati ya minazi na vitanda vya jua kulichukua muda, huku mgeni mmoja aliyejifunga taulo akitupigia makofi kwa kila hatua.

Nilisimama juu ya lori nikatazama juu ya ukuta. Maji yalikuwa yameanza kuondoka. Mchanga ulikuwa umetokeza mbali, mweupe, na vidimbwi vinameremeta.

"Mama'ko atakungoja," Rukia akaniambia.

"Humjui mama'angu."

"Atakuwa keshasikia tunakuja."

"Rukia, mama'angu alipoolewa aliondoka kwenye harusi yake mwenyewe kwenda kuangalia mwani."

Hilo si kweli, lakini ndivyo nilivyojisikia. Nilimwogopa na nilimkasirikia, na zaidi ya yote nilitamani anisikie. Nilikuwa nimefanya mazoezi juu ya paa la shangazi mpaka majirani wakalalamika, na mtu mmoja niliyekuwa nikimpigia alikuwa karibu kuingia baharini.

Bwejuu

Tulifika adhuhuri imeshaadhiniwa. Mgeni rasmi alikuwa amekaa chini ya turubai anajipepea na ratiba. Wanaume walikuwepo, walimu walikuwepo, watoto walikuwa wamejaa hadi juu ya miti. Viti vya kina mama vilikuwa vitupu, safu kwa safu.

"Kina mama wako wapi?" nikamwuliza mwalimu mwenyeji.

"Wameshakwenda baharini. Walikaa sana, maskini. Maji yalipotoka wakaondoka."

Sikulia, kwa sababu ukilia na ngoma kifuani huwezi kujifuta. Mwalimu Ussi akasema, "Jipangeni, jipangeni, hakuna wakati." Tukajipanga langoni.

Mpango ulikuwa rahisi. Tunaingia, tunavuka kiwanja moja kwa moja mpaka usawa wa turubai, napiga mbili za haraka, tunageuka kulia, tunapita mbele ya mgeni rasmi tukitoa heshima. Kiwanja hakina ukuta upande ule wa mbele. Kuna minazi, na baada ya minazi kuna ufukwe.

Pandu akainua fimbo, tukaanza. Tulipiga vizuri, tusijisifu. Vumbi la matofali, marashi, boko-boko, vyote vilikuwa ndani ya ule mwendo. Mgeni rasmi akaacha kujipepea. Nami nikanyoosha shingo juu ya ngoma, nikatazama mbali katikati ya minazi, nikawaona kina mama. Mbali kule kwenye maji ya vifundoni, vidoa vya rangi, vya kanga, vimeinama. Nikawa navitafuta kimoja kimoja kipi ni mama.

Ningependa kusema niliamua. Sikuamua, nilisahau. Pandu akafika usawa wa turubai, akangoja zile mbili, hazikuja. Basi akafanya alichofundishwa. Akaenda mbele.

Nilizinduka safu ya kwanza ilipokuwa inapita kati ya minazi. Ningeweza kupiga mbili wakati ule, lakini kulia kwetu sasa kulikuwa na ngarawa iliyopinduliwa na rundo la nyavu. Nikasema moyoni, tukishapita hapa nitapiga. Tukapita. Mchanga ukaanza, kisha mchanga wa maji, na mkono wangu ukakataa kabisa kupiga mbili. Kuanzia hapo kosa lilikuwa la makusudi, na Mwalimu Ussi ameshaniambia analijua.

Viatu vikaanza kulia *chwap, chwap*, vikijaa maji na mchanga hata jioni havikuvalika tena. Hakuna aliyetoka kwenye safu. Nyuma nilisikia filimbi, kisha makelele. Baadaye nikaambiwa watoto wote walitufuata, na mgeni rasmi akavua makubazi yake akafuata pia, ili asibaki peke yake na viti.

Kina mama wakanyooka, mikono viunoni, mafundo ya mwani yananing'inia.

"Kamba! Kamba!" wakapiga kelele. "Angalieni kamba zetu!"

Mashamba ya mwani ni mistari ya kamba kati ya vijiti, na sisi tulikuwa tunaingia humo. Pandu hakushusha macho, lakini alisikia. Akaanza kuinua magoti mpaka kifuani, akiruka kila mstari. Waliokuwa nyuma yake wakainua vile vile. Bendi nzima ikavuka mashamba ya watu kwa mwendo wa mbuni, na hakuna kamba hata moja iliyokatika. Kina mama walianza kucheka, halafu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata.

Nilimwona mama. Alikuwa amesimama karibu na kapu lake, kilemba cha manjano, kitambaa mdomoni kuzuia jua. Alikuwa anatutazama lakini hakunijua. Kofia ilikuwa imenishuka mpaka kwenye nyusi na chini ya kofia kulikuwa na ngoma tu. Karibu naye jirani yetu, Bi Tatu, alikuwa anacheza ndani ya maji, na ilibidi apige kelele ili asikike.

"Mize! Yule mwenye lingoma mwana wa nani yule? Mbona anapiga vile?"

Mama akainamisha kichwa. Akatutazama miguuni, halafu mikononi. Akashusha kitambaa mdomoni. Niliuona uso wake ukinitambua, na nikaona kuwa angeweza kunyamaza, kwa sababu hakuna mwingine pale aliyenijua.

"Wangu!" akasema, kwa sauti iliyofika hadi kwa Mwalimu Ussi. "Yule wangu mie! Mwanaidi!"

Mkono wangu ukasimama hewani. Na kwa kuwa ngoma ilinyamaza, bendi nzima ikanyamaza, Midomo na Mikono, kila mtu goti juu, kimya kabisa katikati ya bahari.

Mama akatutazama, akashika kiuno.

"We Mwanaidi! Nani kakwambia unyamaze? Piga!"

Nikapiga.